Daraja la Avignon: kwa nini lilikatika katikati ya mto na hakuna aliyelijenga tena?

#1 Mpiga_Ramani
Wakuu, salaam. Mwezi wa tano nitakuwa Lyon, Ufaransa, kikazi, na mwisho wa wiki nataka kushuka kusini hadi Avignon, ule mji wa kale kando ya mto Rhône, uliozungukwa na ukuta tangu enzi za Mapapa waliokaa hapo karne ya 14. Nimesoma kidogo kuhusu daraja lake la mawe, la Mtakatifu Bénézet. Lilikuwa na matao 22 na urefu wa karibu mita 900. Leo yamebaki matao manne tu: unatembea, unafika katikati ya maji, daraja limekwisha.

Swali langu si la utalii peke yake. Mji uliokuwa na Papa, mabenki na wafanyabiashara kutoka Italia yote, ulishindwaje kutunza daraja moja? Waliofika au wanaojua historia yake naomba mchango. Na ushauri wa safari pia, tafadhali.

#2 Fundi_Nguzo
Mkuu, jibu ni maji. Rhône unatoka kwenye barafu za Alps, una zaidi ya kilomita 800, na hapo Avignon bonde lake limejaa changarawe na mchanga. Upande wa mji kuna mwamba, Rocher des Doms, lakini ukishaingia mtoni huna mwamba wa karibu wa kuegemea. Nimefanya kazi ya madaraja bonde la Rufiji, najua mto wa mchanga unavyokula nguzo. Haipigwi juu, inachimbwa chini. Maji yakijaa yanazunguka mguu wa nguzo, yanachota mchanga, halafu yanapopungua ndipo unaona nguzo imeinama na tao limepasuka.

Sasa zidisha kwa nguzo zaidi ya 20. Kila nguzo ni kizuizi, inabana mkondo, na mkondo uliobanwa unachimba zaidi. Mwanzo wa karne ya 17 matao yalianguka mara kadhaa, wakakarabati, yakaanguka mengine. Mafuriko ya 1669 yakamaliza kazi.

#3 Binti_wa_Mvita
Nilifika huko na mume wangu. Nakubaliana na Fundi kuhusu maji, na ushahidi unauona kwa macho. Juu ya daraja kuna kanisa dogo la Mtakatifu Nicolas, msimamizi wa watu wa mashua, limejengwa juu ya nguzo mojawapo. Lina ghorofa mbili. Ukitaka kuingia la chini unashuka ngazi kutoka usawa wa barabara ya daraja! Yaani daraja liliinuliwa baadaye, na kanisa la mwanzo likabaki chini. Watu wale hawakukaa tu wakitazama mto. Waliinua njia wakakimbia maji.

Jambo lingine ni wembamba wake, mita nne na kitu. Mikokoteni miwili ikikutana hapo juu ni vita.

#4 Kazembe_wa_Lubum
Jambo bandugu. Siye ku Lubumbashi ile daraja tuliijua mbele ya kujua Paris iko wapi. Ku shule ya primaire madame mwalimu alikuwa anatupanga mu duara, tunashikana mikono, tunaimba ile wimbo ya batoto ya kufaransa ya kucheza ku daraja ya Avignon: mabwana banafanya hivi, mabibi banafanya hivi, unainama, unazunguka. Mama yangu aliiimba, na miye pia. Sasa dada wa Mvita anasema ni mita ine tu? Duara yetu ya darasa moja haingeenea pale!

#5 Mngazidja_wa_Massilia
Kazembe, wenyeji wengi hapa wanasema ngoma zilichezwa chini, si juu. Daraja lilikuwa linapita juu ya kisiwa cha Barthelasse, kisiwa kikubwa katikati ya mto, na huko chini ya matao palikuwa na vilabu vya mvinyo na viwanja vya starehe. Watu wa mjini walivuka wakaenda kula na kucheza kivulini. Ni maelezo yenye mantiki.

Mpiga_Ramani, mimi ni Mngazidja, naishi Marseille, Kiswahili nilikipata Unguja kwa bibi. Avignon ni dakika 35 hivi kutoka kwetu kwa treni ya mwendo kasi, kwa hiyo wageni wangu wote nawapeleka. Angalia tiketi yako: kuna vituo viwili. Avignon TGV iko nje ya mji, Avignon Centre iko mbele ya ukuta wenyewe. Ukishukia TGV kuna treni ndogo ya dakika chache inakuleta Centre. Ukitoka hapo unaingia lango la ukuta, unafuata barabara moja iliyonyooka, rue de la République, hadi uwanja wa saa, na ukipita kidogo unakutana na kasri la Mapapa limekuziba mbele.

#6 Mzee_wa_Nyaraka
Fundi ameeleza lilivyoanguka. Mleta mada ameuliza kwa nini halikujengwa tena. Hayo ni maswali mawili.

Tazameni mpaka. Mwaka 1348 Papa Clement VI aliununua mji wa Avignon kutoka kwa Malkia Joan wa Naples kwa florini 80,000. Tangu hapo hadi 1791 Avignon haikuwa Ufaransa, ilikuwa mali ya Papa. Ng'ambo ya pili, Villeneuve, ni ardhi ya mfalme wa Ufaransa. Nendeni mkaone mnara wa Philippe le Bel umesimama pale ilipokuwa mwisho wa daraja. Mnara ule ni wa mfalme, ulianza kabla ya Mapapa kuja, na kazi yake ni kumwambia mwenye Avignon kwamba mwisho wa daraja una mwenyewe. Zaidi ya hapo, wafalme walidai mto mzima ni wao hadi ukingo wa Avignon.

Sasa tao likianguka katikati, nani alipe? Mfalme atasema daraja ni la mji wa Papa. Mji utasema mto ni wa mfalme. Miaka inapita wanaandikiana barua. Louis XIV ambaye 1663 aliiteka Avignon kwa sababu ya ugomvi na Papa, mnadhani angetoa mali yake kumjengea Papa njia? Hapo ndipo daraja lilipofia.

#7 Kipepeo_Mweupe
Umetema madini mzee. Nimeweka kambi.

#8 Dogo_Jiografia
Mnasahau mto Durance. Ni mto mkorofi kuliko Rhône wenyewe, unashuka kutoka milimani kwa kasi na kuingia Rhône hapo hapo Avignon. Maji ya mito miwili yakikutana juu ya daraja, hakuna jiwe linalobaki.

#9 Mngazidja_wa_Massilia
Dogo, Durance inaingia Rhône chini ya Avignon, kusini-magharibi mwa mji. Maji yake hayapiti kwenye daraja. Fungua ramani.

#10 Dogo_Jiografia
Sawa, lakini mto wa chini ukijaa unaweza kuyazuia ya juu yasitoke. Maji yakisimama mji unafurika. Hata 1856 Avignon ilifurika vibaya sana.

#11 Fundi_Nguzo
Maji yaliyosimama yanalowesha mji, hayachimbi nguzo. Kinachochimba ni kasi. Hoja ya Durance inafaa kwa mafuriko ya mjini, kwa daraja haitoshi.

Halafu kuna hali ya hewa. Kuanzia karne ya 14 hivi Ulaya iliingia kipindi kirefu cha baridi, barafu za milimani zikakua, na Rhône ukaanza kufurika mara nyingi kuliko zamani, ukibeba changarawe nyingi na kuhamisha mikondo na visiwa. Waliojenga karne ya 12 walijengea mto mmoja. Wajukuu zao wakarithi mto mwingine.

#12 Mama_Kanga_Mbili
Kabla hamjafika karne ya 17, mwambieni na mwanzo wake. Bénézet alikuwa mchunga kondoo, kijana mdogo. Mwaka 1177 alishuka mjini akasema amesikia sauti ikimwagiza ajenge daraja juu ya Rhône. Wakamcheka. Askofu akamwonyesha jiwe kubwa ambalo wanaume wengi hawakuweza kulitikisa, akamwambia libebe basi. Akalibeba begani akalitupa mtoni, likawa jiwe la kwanza. Akazunguka kukusanya sadaka, akaanzisha udugu wa daraja, na alifariki kabla kidogo ya kazi kwisha 1185. Walimzika kwenye kanisa lile lile alilolitaja Binti_wa_Mvita.

Mimi napenda sana kwamba daraja lilianza kwa michango ya watu wadogo. Labda lilikufa sadaka zilipokauka.

#13 Mzee_wa_Nyaraka
Mama Kanga, jiwe hilo tuliachie imani, ila udugu wa daraja ni kitu halisi, na sadaka pia. Daraja la zama zile lilihesabiwa kama kazi ya rehema, sawa na hospitali. Mtu aliandika wosia akaliachia fedha.

Na kuna kipande kimerukwa. Mwaka 1226 Mfalme Louis VIII alikuwa anashuka na jeshi kwenda Languedoc, kusini mwa Ufaransa, kwenye vita dhidi ya wazushi, akataka kuvuka Avignon. Mji ukamfungia mlango. Akauzingira miezi mitatu hadi ukasalimu amri, akaamuru kuta zibomolewe na daraja likavunjwa. Walianza kulijenga upya miaka michache baadaye. Kwa hiyo matao manne mnayopiga nayo picha si ya Bénézet mwenyewe.

#14 Binti_wa_Mvita
Basi mzee unajijibu mwenyewe. 1226 lilivunjwa na mfalme, na mji uliokuwa umepigwa na kunyang'anywa ukalijenga tena. Clement VI naye alitengeneza matao wakati wa upapa wake. Mpaka wa mfalme ulikuwepo muda wote huo na halikufa. Kwa nini life karne ya 17?

#15 Mzee_wa_Nyaraka
Kwa sababu karne ya 14 Papa alikuwa anaishi pale. Alilihitaji mwenyewe! Makadinali walijenga nyumba zao za fahari Villeneuve, ng'ambo, wakikwepa joto na msongamano wa mjini, kila siku wanavuka kwenda kazini. Gregory XI aliporudi Roma, akafika Januari 1377, Avignon baadaye ikawa inatawaliwa na mjumbe wa Papa. Mwenye fedha yuko mbali na daraja halivuki.

#16 Kazembe_wa_Lubum
Hapa mzee anasema ukweli. Barabara ya chef inatengenezwa wakati chef iko anaipita.

#17 Tabora_Mjini
Wote mnaosema mafuriko, nijibuni hili. Ukipanda na mto huo huo Rhône kuelekea kaskazini kuna mji unaitwa Pont-Saint-Esprit. Una daraja la mawe lililojengwa kati ya 1265 na 1309. Mto ni ule ule, karne zile zile za baridi, na mto Ardèche unaingia juu yake kidogo tu, tena Ardèche ni maarufu kwa mafuriko ya ghafla. Daraja lile limesimama mpaka leo na magari yanapita. Fundi, maji yalichagua?

#18 Kipepeo_Mweupe
Fundi amekamatwa 😂

#19 Fundi_Nguzo
Sijakamatwa. Madaraja mawili kwenye mto mmoja si ndugu mapacha. Kinachoamua ni msingi, mwelekeo wa mkondo, na zaidi ya yote ukarabati. Pont-Saint-Esprit lilijengwa baadaye, wajenzi wakiwa wameshaona makosa ya Avignon. Hata umbo lake limepinda kidogo dhidi ya mkondo. La Avignon nalo lina kona kwenye njia yake ya zamani, lakini lilipita mikondo miwili na kisiwa kinachohama katikati. Ujenzi juu ya kisiwa cha mchanga ni mtihani mwingine.

#20 Tabora_Mjini
Umetaja ukarabati. Ndiyo hoja yangu. Pont-Saint-Esprit lilikuwa na mwenyewe aliyelitunza, la Avignon lilikosa. Kwa hiyo Mzee_wa_Nyaraka ana pointi kukuzidi.

#21 Nahodha_wa_Kisiju
Wakuu, mimi natazama kwa jicho la mtu wa chombo. Rhône ilikuwa njia ya chumvi, mvinyo na nafaka. Vyombo vilishuka na mkondo na kupanda vikivutwa na farasi ukingoni. Kila tao ni hatari kwa mwenye mzigo. Hilo daraja la Pont-Saint-Esprit mnalolisifu, mabaharia wa Rhône walikuwa wanaliogopa, wakifika pale wanajikabidhi kwa Mungu. Sasa daraja la Avignon likishavunjika katikati, waliofurahi ni watu wa mashua. Mlango umefunguka. Vivuko navyo vinapata kipato. Hao hawawezi kuchangia ujenzi hata ukiwabembeleza.

#22 Mama_Kanga_Mbili
Lakini Nahodha, watu wa mashua ndio waliokuwa wakisali kwenye kanisa la Mtakatifu Nicolas juu ya daraja hilo hilo. Mabaki ya Bénézet yalihamishwa yakapelekwa mjini daraja lilipokuwa hatarini, ila mabaharia waliendelea kulipenda lile kanisa. Hawakuwa maadui.

#23 Nahodha_wa_Kisiju
Kusali ni kusali mama. Biashara ni biashara.

#24 Mpiga_Ramani
Asanteni sana, nilitegemea majibu mawili matatu. Naombeni sasa kujua: kasri la Mapapa linafaa kulipia? Nimesikia vyumba ni vitupu. Na kipindi gani nisiende?

#25 Binti_wa_Mvita
Vitupu kweli, na watu wengi wanatoka wamenuna. Kasri ni kubwa mno, mita za mraba 15,000, lilianza 1335 chini ya Benedict XII na kumalizika katika muda usiozidi miaka 20. Benedict alijenga kama mtawa, kuta nene bila mapambo. Aliyemfuata, Clement VI, alijenga kama mfalme. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likaporwa, kisha likawa kambi ya jeshi hadi 1906, na askari walibandua vipande vya michoro ukutani wakauza. Ndiyo maana unatembea kumbi zenye mwangwi tu. Kwenye tiketi wanakupa kishikwambi, ukikielekeza chumbani kinakuonyesha chumba kilivyokuwa na mapazia na meza.

Usikose chumba cha paa dume, ofisi ya Clement VI. Ukutani kwa Papa nilitegemea kuona watakatifu. Badala yake kuna msitu, na watu wamezunguka bwawa la mstatili wanavua samaki, mmoja ana wavu wa mkono, samaki wanaonekana ndani ya maji ya kijani. Matunda mitini, mbwa wa kuwinda, ndege. Ni ya 1343 na rangi bado ziko hai. Nilisimama pale mpaka mume wangu akaja kunivuta. Nililipia kasri zima, ila kwa chumba kile ningelipa tena.

#26 Mngazidja_wa_Massilia
Ongezea: nunua tiketi ya pamoja ya kasri na daraja, ni nafuu kuliko kununua mbili. Julai usiende kama hutaki watu. Kuna tamasha kubwa la maigizo lililoanzishwa na Jean Vilar 1947, mji mzima unabandikwa mabango, na vyumba bei inapanda sana. Mwezi wa tano ni mzuri. Shida ni mistral, upepo wa kaskazini unaoshuka bondeni. Mbingu inakuwa bluu safi, lakini pale juu ya daraja hakuna kizuizi, kofia inakwenda mtoni. Chukua koti hata kama jua linawaka.

Kwa picha usikae juu ya daraja, humo hulioni. Karibu nalo kuna kivuko kidogo cha bure kwenda Barthelasse. Upepo ukizidi kinasimama, basi utazunguka kwa daraja la magari. Ukiwa kisiwani kaa majanini jioni, una daraja, ukuta na kasri vyote mbele yako.

#27 Dogo_Jiografia
Ukuta nao una urefu wa kilomita 4.3. Walioujenga karne ya 14 walikuwa wanaogopa makundi ya askari wa kukodiwa waliokuwa wakizurura Ufaransa wakipora, na ulisaidia pia kuzuia maji ya mto. Hili sijakosea, nimefungua ramani 😄

#28 Kazembe_wa_Lubum
Ndugu ya Marseille, mu mbele ulisema bantu balikuwa banachezea chini ya matao. Miye nashikilia ya madame wangu. Kama makadinali banavuka kila siku, na mafundi, na bauza mboga, siku ya sikukuu bantu batakosa kucheza kule juu? Ata mu mstari, si lazima duara.

#29 Mngazidja_wa_Massilia
Kucheza mstarini mita nne zinatosha, hapo sina ubishi. Na watoto wa watalii wanacheza pale juu kila siku, wameshikana mikono, wazazi wanapiga video.

#30 Tabora_Mjini
Narudi kwenye mada. 1791 Avignon ikaingia Ufaransa. Mpaka ukafa, pande zote mbili za mto ni nchi moja. Kama tatizo lilikuwa mfalme na Papa, kwa nini hawakuziba pengo hapo? Mzee?

#31 Mzee_wa_Nyaraka
Kwa sababu wakati huo lilikuwa limeshakaa zaidi ya karne nzima bila kutumika. Mahitaji yalibadilika. Magari ya farasi ya karne ya 19 yalitaka njia pana, na barabara ya mita nne yenye kanisa pembeni isingefaa hata ukiijenga yote upya. Wakajenga madaraja mengine karibu. Mwaka 1840 matao yaliyobaki yakaingizwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa, na 1995 UNESCO ikaliorodhesha pamoja na kasri na majengo ya askofu. Ukishalifanya kumbukumbu, huruhusiwi kulimalizia.

#32 Fundi_Nguzo
Na msingi ungekuwa ule ule mbovu. Hata ungekuwa na fedha za mfalme na Papa kwa pamoja, mhandisi mwenye akili asingeweka matao mapya juu ya nguzo zile. Angehama mita mia kadhaa, na ndivyo walivyofanya.

#33 Nahodha_wa_Kisiju
Na mashua zikaendelea kupita pengoni.

#34 Mama_Kanga_Mbili
Mpiga_Ramani, ukipata nafasi panda hadi Rocher des Doms nyuma ya kasri, hakuna kiingilio. Ukiwa juu utaona mnara wa Philippe le Bel ng'ambo, halafu chora kwa macho mstari kutoka matao manne hadi kwenye mnara. Utashangaa umbali. Halafu njoo hapa uniambie kama sadaka peke yake zingetosha.

#35 Mpiga_Ramani
Nimeandika yote. Tabora_Mjini, hilo la Pont-Saint-Esprit limenikaa kichwani. Kuna basi au treni ya kunifikisha huko kutoka Avignon ndani ya siku moja, au nikodi gari?

#36 Mngazidja_wa_Massilia
Kodi gari. Njiani utapita Châteauneuf-du-Pape, kwenye mashamba ya mizabibu na magofu ya kasri la mapumziko la Papa John XXII. Ukifika Pont-Saint-Esprit, teremka ukingoni uhesabu nguzo na uangalie zilivyochongwa ncha upande wa maji yanakotoka. Piga picha uziweke hapa, Fundi na Tabora wamalizane.

#37 Tabora_Mjini
Piga na za chini kabisa, usawa wa maji. Fundi atasema jiwe jipya, mimi nitasema mwenye kulitunza.